Seoul na watoto wakati wa baridi: nyama ya kuchoma mezani au supu ya mifupa?

Shule za kwetu zikifunga Desemba ndo Korea inaingia kwenye baridi lenyewe, kwa hiyo kama baba watoto yuko kule anasoma na mmeamua kumfuata likizo, jua kabisa mnatoka Dar kwenye joto la kufa mtu mnaangukia Seoul ambako asubuhi ya Januari nyuzi hasi 10 wala haimshtui mtu. Sisi tulienda hivo, mie na wanangu wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume miaka 4, na kilichonisumbua kuliko hata baridi ni kula nje, sio kwamba chakula hakipo, migahawa iko kila hatua mbili, shida ni kujua uingie upi ukiwa na mtoto kachoka, kamasi zinatiririka, njaa imempanda na vidole vimekufa ganzi.

Wengi wakisikia Korea wanawaza ile nyama ya kuchoma mezani na ndo wanakokimbilia siku ya kwanza, hata sisi tulifanya hivohivo. Ila baada ya wiki tatu za kuzunguka na hawa watoto nimefika mahali nasema hivi: kwa mtoto wa chini ya miaka 6 anza na nyumba za supu ya mifupa, ya kuchoma muwekee mkubwa. Na usichague kwa jina la chakula, angalia vitu vitatu tu, mtoto atasubiri dakika ngapi mpaka tonge la kwanza, moto uko umbali gani na mkono wake, na pilipili imo ndani ya chakula au inakaa pembeni. Basi hapo niende moja moja.

Nyama ya kuchoma mezani

Hii ni kama nyama choma yetu ila mpishi ni wewe mwenyewe. Meza ina tundu katikati, mhudumu anakuja na chungu cha makaa yanayowaka anakitumbukiza humo, anaweka wavu juu, bomba la moshi linashushwa kutoka darini mpaka karibu na pua zenu, halafu inaletwa nyama mbichi, koleo na mkasi. Ndiyo, mkasi, nyama inakatwa kwa mkasi palepale kwenye wavu, na binti yangu alipoona hivo akasahau kabisa kwamba miguu ilikuwa inamuuma. Viti vingi vya kule ni kama ndoo, unafunua kifuniko unatumbukiza makoti yenu yote ndani unafunika unakalia, ili makoti yasishike harufu ya moshi. Kwa familia yenye makoti manne, skafu nne na glovu nane hiyo peke yake ni neema.

Raha ya mtoto mkubwa pale ni kwamba chakula ni kazi. Unachukua jani la saladi, unaweka nyama, wali kidogo, unafunga, unatia mdomoni lote kwa mpigo. Sehemu nyingine wanauza wali wenye vipande vya mwani, yaani gugu la baharini lililokaushwa, unapewa na glovu za plastiki, mtoto anafinyanga vidonge mwenyewe. Wangu wa miaka 9 alifinyanga akagawia meza nzima, na ugenini kule ilikuwa mara ya kwanza kumuona anakula bila kuhojiwa hojiwa.

Sasa upande wa pili. Jioni ile ya kwanza tulifika saa 12 na nusu, muda ambao kila mtu anatoka kazini, tukasimama nje kwenye foleni dakika kama 40. Tulipoingia mdogo keshasinzia begani kwa baba yake. Nyama ikaanza kuiva, akaamka na njaa kali, mie nikamuagizia mayai ya mvuke, yale wanayapika kwenye kachungu ka udongo yanavimba kama keki, laini kabisa, hayana pilipili, chakula cha mtoto haswa. Lakini yanakuja yanatokota. Nimegeuka kuchukua kijiko, mtoto kachovya kidole. Kilio kile jamani! Mama anayehudumia alikimbia na barafu kwenye kitambaa, akakaa chini pale akamshika mkono mpaka akanyamaza, na ndo nikajifunza kwamba wateja kule wanamwita mhudumu wa umri ule imo, yaani mama mdogo, na kwa kweli alikuwa mama mdogo.

Kidole kilipona, lengelenge dogo tu. Ila tangu hapo kama mnaenda ya kuchoma na mtoto mdogo, mkalishe upande wa ukutani, mbali na njia, kwa sababu kile chungu cha makaa kinapitishwa na mhudumu katikati ya watu, na kila kitu cha udongo kikifika kisogeze mwisho wa meza, hesabu dakika tano ndo upakue kwenye sahani ndogo. Sahani ya ziada unaomba apjeopsi, wanaleta bila neno.

Kuna suala la kitimoto hapa. Sisi ni Wasabato, hatuli, na ile nyama maarufu kuliko zote, samgyeopsal, ni tumbo la nguruwe. Watu wanadanganyika na neno galbi wanadhani ni ng'ombe, kumbe galbi ni mbavu tu, mbavu za mnyama yeyote, kuna dweji galbi ambayo ni nguruwe na so galbi ambayo ni ng'ombe. So ndo ng'ombe, dweji ndo nguruwe, kariri haya mawili kabla ya kupanda ndege. Na ng'ombe wa kule bei yake inauma, hasa wa kienyeji wanaomwita hanwoo. Kawaida mezani lazima muanze na oda ya watu wawili, huwezi kuagiza ya mmoja, na familia ya wanne mkila ng'ombe mkashiba kupita won 100,000 ni rahisi sana, na won 10,000 hesabu kama dola 7 hivi.

Supu ya mifupa

Hii inaitwa seolleongtang. Mifupa ya ng'ombe inachemshwa masaa na masaa mpaka supu inakuwa nyeupe kama maziwa, inawekwa vipande vyembamba vya nyama na tambi nyembamba kidogo, inakuja kwenye bakuli zito na wali pembeni kwenye kibakuli cha chuma chenye mfuniko. Mtu aliyekulia supu ya makongoro asubuhi akionja hii anajua yuko nyumbani, tofauti ni kwamba haina chumvi kabisa. Chumvi iko mezani, pilipili manga iko mezani, majani ya vitunguu yamekatwakatwa yako kwenye bakuli mezani, kila mtu anajitilia. Kwa mwenye mtoto hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote: supu ileile moja, ya mtoto bila kitu, ya baba na pilipili zake, hakuna anayepika mara mbili. Pilipili nyekundu iko kwenye kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, na yale mafigili ya kuchachusha tu, na hivo vinakaa kwenye vyungu vyao.

Halafu muda. Supu imeiva tangu asubuhi, kazi yao ni kumimina, kwa hiyo ukikaa ukaagiza mara nyingi haifiki dakika kumi imeshafika, na wali unatangulia au unakuja nayo. Mwanangu mdogo alikuwa anaanza na wali mkavu na vile vipande vya gugu la bahari la kukaanga, gim, huku mie napoza supu. Namna ya kupoza ni hii, chukua bakuli dogo tupu, miminia supu vijiko vinne vitano, tia wali wa kwenye kibakuli, koroga, kwa baridi la kule dakika mbili tu unaliwa. Kile kibakuli cha chuma chenyewe usimpe mtoto ashike, kinaunguza vibaya, Wakorea wenyewe hawakiinui, wanakiacha mezani wanakula kwa kijiko.

Bei nayo ni ya kibinadamu, bakuli moja mara nyingi kwenye won 10,000 hadi 14,000, na sisi wanne tulikuwa tunaagiza matatu na wali wa nyongeza, wali wa nyongeza ni kama won 1,000. Mtoto wa miaka 4 kushea hakuna anayekasirika. Ila mtoto wa miaka 9 kama wangu muagizie lake, sehemu zingine wana sharti la kila mtu na bakuli lake, na kusema kweli supu ya watu haifai kuibania.

Ubaya wake? Haina shamrashamra. Mnaingia, mnakula, mnatoka, nusu saa imeisha. Binti yangu siku ya tatu alianza kuguna, "Mama, supu tena?" Kwake tukawa tunahamia galbitang, supu nyepesi yenye mbavu za ng'ombe na mfupa wake, ana kitu cha kung'ang'ania, anashika mfupa kwa mkono anatafuna, kelele zikaisha. Na muwe makini na majina yanayofanana machoni kwa mgeni: sundaeguk ni supu ya utumbo wa nguruwe uliojazwa damu, na haejangguk, supu ya kutoa uchovu wa pombe, nyingine zina damu ya ng'ombe iliyoganda. Mie nilipiga picha maandishi ya Kikorea ya vitu tusivyokula nikayaweka kwenye simu nikawa nalinganisha na menyu ya ukutani herufi kwa herufi, binti akawa mtaalamu kuliko mie.

Kitu kingine kwenye hizi nyumba za supu za zamani, baadhi zina sehemu ya kukaa chini, mnavua viatu mnapanda kwenye sakafu ambayo inapashwa moto kwa chini, ondol. Zinapungua, wengi wanabadilisha wanaweka meza na viti, lakini ukiipata ingia haraka. Mtoto anayetoka kwenye upepo wa hasi 8 akakaa kwenye sakafu ya moto, mgongo ukutani, mabuti yako mlangoni, ndani ya dakika tatu unamuona mashavu yanalegea. Wangu alikula akalala palepale pembeni yangu kwenye koti lake na hakuna aliyetuangalia vibaya. Ila vaa soksi nzima, na mabuti ya mtoto yawe ya zipu, ya kamba utajuta.

Sasa uchague ipi

Mtoto wa miaka 3 kushuka chini: supu, wala usifikirie mara mbili. Ulizia kiti cha mtoto, agi wija ndo matamshi yake, vingi havina mkanda kwa hiyo mkono usiwe mbali.

Miaka 4 mpaka 6: supu siku za kawaida, ya kuchoma mara moja tu tena mchana, muwe mmeshalala vizuri, tena mfike kabla ya saa 6 mchana, kwa sababu saa 6 hadi saa 7 ndo maofisi yote yanamwagika. Kama mnataka ladha ya kuchoma bila makaa, kuna bulgogi ya mchuzi, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, imelowekwa kwenye sosi ya soya, sukari na peasi, inapikwa mezani kwenye sufuria ya shaba yenye mchuzi kandokando. Ni tamu, haina pilipili, inaiva upesi. Hii ndo ilitupatanisha familia, mkubwa anaona moto, mdogo anapata wali na mchuzi. Ningeijua siku ya kwanza kile kidole kisingeungua.

Miaka 7 kwenda juu: ya kuchoma, wapeleke, watakumbuka. Hata mkilipa hela nyingi, kuna hamu fulani ya mtoto kushika koleo yeye mwenyewe ambayo bakuli la supu halijibu.

Na kama mmoja anaumwa, maana baridi lile mafua hayakosi, achana na vyote viwili nenda nyumba za juk, uji wa mchele. Kuna wa boga, wa kuku, wa nyama ya ng'ombe na mboga, wanakufungashia kwenye makopo, neno ni pojang. Mchele umepondeka kabisa, una mafuta kidogo ya ufuta. Mwanangu alikula huo siku mbili mfululizo na homa yake, sina la kuongeza.

Mchana saa 9 hadi saa 11 jioni

Hapa ndo wageni wengi wanakwama. Migahawa mingi inafunga kupumzika saa 9 mchana mpaka saa 11 jioni, na ndo muda mnaotoka kwenye jumba la makumbusho au kwenye ile barafu ya kuteleza pale uwanja wa Seoul mbele ya ofisi za jiji, ambapo saa moja na viatu vyake ni won 1,000 tu, watoto wana njaa ya simba na kila mlango umefungwa. Muda huo kimbilia vibanda vya gimbap. Ni wali umeviringishwa kwenye gugu la bahari na karoti, yai, mchicha, figili la njano, unakatwa vipande vya kuingia mdomoni, hauna moto, hauna pilipili, unaliwa hata kwenye treni ya mbali. Kwa vile vibanda vidogo sanasana won 4,000 au 5,000 kwa mkunjo, na mtoto wa miaka 4 nusu yake anamaliza. Angalizo ni soseji ya hem, mara nyingi ni ya nguruwe, karibu kila mkunjo inayo, hata ule wa samaki jodari. Unasema hem pe juseyo, ondoa hem, wanaelewa. Wala usinunue wa kukaa mpaka kesho, wali ukipoa kwenye friji unakuwa mgumu kama mawe.

Soko la Gwangjang limekuwepo tangu 1905 na kila mtu atakutuma huko. Nendeni, ila mchana, bila kigari cha mtoto, njia ni nyembamba na watu wamebanana. Mabenchi ya vile vibanda yana umeme wa kupasha moto, unakaa unasikia joto linapanda mgongoni, na mama wa kibanda anakata tambi kwa kisu mbele ya mtoto anazitupa kwenye sufuria. Kuna chapati za choroko zinasagwa kwenye jiwe palepale, watoto walizishangaa maana choroko wanazijua za nazi tu, lakini uliza kwanza, nyingine zinawekwa nguruwe. Kwa mwanangu mdogo kelele zilimzidi, dakika ishirini akaomba kutoka. Mkubwa alitaka kuhamia.

Njiani mtakutana na hotteok, kama andazi la kubonyezwa lenye sukari ya moto ndani. Ile sukari ni kama lami, mtoto asing'ate, umpasulie kwanza. Viazi vitamu vya kuchoma ndo salama, na vinapasha mikono ndani ya mfuko wa koti.

Mengine ya kujua kabla hujavuka mlango

Maji watakayoleta ni ya baridi, hata nje theluji inaanguka. Ukitaka ya uvuguvugu sema ttatteutan mul. Vijiti vyao ni vya chuma, vinateleza, mtoto mpe kijiko tu au beba uma wako wa nyumbani. Vile vibakuli vidogo vya mboga vinavyotangulia ni bure, vikiisha unaongezewa, kwa hiyo mtoto akipenda chipukizi za soya au figili la njano usiogope kuomba tena, unaita yogiyo, au unabonyeza kengele iliyo mezani, na hiyo kengele mfichie mdogo. Kuuliza kama chakula hakina pilipili unasema an mewoyo? Lakini jua wao wakijibu hakina, kwa ulimi wa mtoto wetu wakati mwingine kinayo, onja wewe kwanza. Bakshishi hakuna, bei ya kwenye menyu ndo unayolipa, unalipia kwenye kaunta mkitoka.

Sehemu chache, hasa vimgahawa vya kahawa, zina alama ya kutopokea watoto, wanaziita No Kids Zone. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea mwaka 2017 ilisema kumzuia mtoto kwa umri wake tu ni ubaguzi, ila huo ulikuwa ushauri, alama bado zipo. Tulirudishwa mlangoni mara moja tukiwa tumeganda wote wanne, binti akaniuliza tumekosa nini, na sikupenda kumjibu lile swali. Sasa nasoma mlango kwanza kabla watoto hawajafika. Nyumba za supu hatukuwahi kuiona hiyo alama hata moja, kule wazee wenyewe ndo wanaanza kuwasemesha watoto.

Kwa ndugu zangu Waislamu, supu ya ng'ombe kutokuwa na nguruwe haimaanishi imechinjwa kwa halali, hilo mlijue. Mtaa wa kwenda ni Itaewon, kuzunguka msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976, kuna migahawa ya halali imepangana kwenye kile kilima, ya Kikorea ipo na ya mataifa mengine. Shirika la utalii la Korea nalo linaipanga migahawa kwa makundi, yenye cheti cha halali, ile ambayo mwenyewe anajitangaza halali, inayojali Waislamu, na isiyotumia nguruwe. Soma ni kundi lipi kabla ya kupanda kile kilima na mtoto mgongoni, kikiwa na barafu kinateleza kweli.

Mkiwa bado huko mpaka Seollal, mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, migahawa mingi ya kifamilia inafunga siku hiyo, nunueni chakula jana yake. Na mkialikwa nyumbani mtapewa tteokguk, supu yenye vipande vya keki ya mchele. Ni heshima kubwa, kuleni, ila vile vipande vinanata na vinateleza kooni, kwa mtoto mdogo vikate vinne vinne kwa ule mkasi wao kabla hujampa. Wenyeji wetu walinipa mkasi hata kabla sijaomba.